Koti linalosikiliza kifua cha mtoto

Juma hili tunataka kusema juu ya kazi ambayo wengi wetu hatujawahi kuona mtu akiifanya: kazi ya kufundisha simu isome mwili wa mgonjwa. Wanafunzi wetu wanauliza habari zake, na sisi walimu hatuwezi kuwajibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Mfano mzuri uko hapa jirani, Uganda.

Huko kuna dada mmoja, Olivia Koburongo, aliyesomea uhandisi wa mawasiliano. Bibi yake aliugua. Walimzungusha hospitali hii na ile, na ilipojulikana kwamba ni homa ya mapafu, wakati ulikuwa umepita. Bibi akafa. Kutokana na msiba huo dada huyu alipata wazo, akalichukua kwa mwenzake wa masomo, Brian Turyabagye, na pamoja na waganga wakatengeneza koti dogo wakaliita Mama-Ope, maana yake tumaini la mama. Mwaka 2017 koti hilo liliwekwa kati ya kazi zilizochaguliwa kushindania tuzo ya Afrika ya uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mtoto anavalishwa koti. Ndani yake kuna vipimo vinavyosikiliza sauti ya mapafu, vinavyopima joto la mwili na kuhesabu mtoto anavuta hewa mara ngapi. Habari hizo zinakwenda kwenye simu kwa Bluetooth, ileile ambayo vijana wetu wanaitumia kupeana nyimbo. Simu ikiwa mita chache kutoka kwa mtoto, habari zinapita hewani bila waya, bila inite, bila mtandao. Tufikirie hapo kidogo, sisi ambao mtandao unatuaga mawingu yakianza tu kukusanyika juu ya Lualaba. Halafu programu iliyo ndani ya simu inalinganisha ilichopokea na dalili za ugonjwa zinazojulikana, inamwambia mwuguzi kama ni homa ya mapafu na imefika wapi.

Kwa nini homa ya mapafu? Kwa sababu inajificha nyuma ya malaria. Mtoto ana joto, hali chakula, analia, na kila mtu anasema malaria. Magazeti ya 2017 yaliyoandika habari za koti hili yalitaja hesabu ya UNICEF kwamba Uganda peke yake ilikuwa ikipoteza hadi watoto 24,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka kwa homa ya mapafu, na wengi walikuwa wametibiwa malaria kwanza.

Jambo hili tumeliona kwa macho. Mtoto wa jirani yetu alimeza dawa ya malaria siku mbili na joto halikushuka. Siku ya tatu mwuguzi mmoja kijana alimfunua kifua, akatoa saa yake, akanyamaza dakika nzima huku sisi tukimtazama na kuona kama anachelewesha. Kumbe alikuwa anahesabu. Alifika 58, na mtoto alikuwa na miezi 9. Siku ile ile dawa ikabadilishwa, na leo mtoto huyo anakimbiza kuku zetu.

Hesabu ile imeandikwa na OMS, na kila mama anaweza kuijua. Mtoto mwenye kikohozi, akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, ahesabiwe dakika moja kamili. Wa chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka asifikie mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 mpaka asifikie miaka 5, 40. Na kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, usihesabu tena, mbebe mtoto uende hospitali.

Basi kazi ya mhandisi ni nini, ikiwa saa ya mwuguzi inatosha? Ni kwamba mwuguzi anachoka, ana wagonjwa thelathini, na sikio lake halisikii yote yaliyo ndani ya pafu. Lakini kazi hii ina ugumu wake. Tuseme koti limehesabu 42, kisha betri yake inakufa. Simu ionyeshe nini? Mhandisi asiyejali ataacha 42 ibaki kwenye kioo, na nusu saa baadaye mwuguzi ataisoma kana kwamba ni ya sasa, kumbe mtoto amefika 65. Mhandisi anayejali ataifuta, au ataandika saa iliyopimwa, na kusema wazi kwamba koti limenyamaza. Anaandika programu kwa lugha zake, kama Kotlin kwa simu za Android au Swift kwa iPhone, lakini sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye mambo yanayoweza kuharibika. Tena hafanyi kazi peke yake: waganga wanapaswa kupima na kupima tena kabla ya mgonjwa kutegemea chombo hicho. Mwaka ule wa 2017 koti la Mama-Ope lilikuwa bado la majaribio.

Na hawakuwa wa kwanza Uganda. Mwaka 2012 wanafunzi wa Makerere walichukua pembe ile ya mkunga ya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, wakaunganisha na simu. Waliita WinSenga, senga kwa Kiganda ni shangazi, yule anayemshauri binti akiwa na mimba. Mwaka 2018 Brian Gitta alishinda tuzo ile ya Afrika, paundi 25,000, kwa chombo Matibabu kinachotafuta malaria kwa kumulika kidole, bila sindano. Kwetu Kongo, Mama Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi, aliongoza kikundi kilichotengeneza roboti za kuongoza magari Kinshasa.

Sasa turudi Mulongo. Wanaomaliza mwaka wa 8 wanachagua sehemu ya masomo, na kila mwaka tunaona jambo lile lile: wavulana hesabu na fizikia, wasichana pedagojia au kushona. Sisi tulisoma pedagojia na tunaipenda. Hatuna neno juu ya cherehani. Lakini tunao wasichana wanaomaliza zoezi la hesabu kabla hatujafuta ubao, na asubuhi ya soko hao hao ndio wanabaki nyumbani kuosha mihogo, kaka zao wakija shuleni. Kompyuta hatuna za kutosha, ni kweli. Hesabu haihitaji umeme.

Mwaka huu wasichana watatu wamejiandikisha hesabu na fizikia. Wa nne ametuambia baba amekubali, bado mama. Kesho jioni, baada ya kikao cha likelemba, tutapita nyumbani kwao.