Taa na Koroboi

Niliingia gereji mwaka 1984, nikiwa na miaka 17, nikaanza kama saidia fundi katika uwanja mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea. Miaka miwili ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli, kushika tochi na kusukuma magari yaliyogoma kuwaka. Ujira ulikuwa chakula cha mchana. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyejifunzia ufundi kwa wamisionari wa Kibenediktini, Peramiho. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja wenye haraka: hakugusa boneti kabla hajamhoji dereva.

Thamani ya desturi hiyo niliijua mwaka 1988. Mzee alikuwa amekwenda msibani Mbinga na kuniachia gereji. Ikaletwa Land Rover 109 ya petroli, ya mfanyabiashara wa mahindi. Dereva akasema, "Fundi, gari linazima njiani." Sikumuuliza neno la pili. Nikabadilisha platini na kondensa. Nikalizungusha hadi Bombambili na kurudi, likaenda vizuri, nikalitoa. Baada ya siku nne likarudi: lilikuwa limezima mara tatu kabla ya kuimaliza milima ya Lukumburu, kwenye barabara ya Makambako. Nikaweka koili mpya. Likarudi tena. Nikaagiza pampu ya mafuta Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Likarudi na pampu yake mpya. Tajiri alikuwa amelipa mara tatu, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Mzee aliporudi alimkalisha dereva kwenye benchi, akamuuliza, "Likizima, linazima kama taa au kama koroboi?"

Dereva akafikiri. "Kama koroboi, mzee. Kwanza linaishiwa nguvu, linarukaruka, ndipo linakufa."

"Likishakufa unafanya nini?"

"Geji ya mafuta ni mbovu. Nashuka, nafungua tenki, natumbukiza kijiti nione kama mafuta yapo. Nakuta yapo. Nafunga, napiga stata, linawaka."

Mzee hakwenda kwenye injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye tenki. Kifuniko chake cha asili kilikuwa kimepotea, kikawekwa kingine kisicho na tundu la hewa, tena kikakazwa kwa mpira wa tyubu ili mafuta yasimwagike mlimani. Akanieleza taratibu: mafuta yakitoka ndani ya tenki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, tenki linavuta kwa ndani, na pampu inashindwa, hata iwe mpya. Safari fupi ya mjini haitoshi kuonyesha shida hiyo. Mlima mrefu, injini inapokunywa mafuta mengi, unaionyesha. Na kila dereva alipofungua tenki kupima mafuta, alikuwa anaingiza hewa na kuliponya gari kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Dawa yote ilikuwa kwenye maelezo yake, nami sikuyataka.

Mzee hakunigombeza mbele ya mteja. Jioni alinichukua hadi kwa tajiri, tukamwomba radhi, tukamrudishia fedha yote ya ufundi.

Swali lile la taa na koroboi nimelitumia tangu siku hiyo. Gari likikata ghafla, kama mtu aliyezima swichi, naanza na umeme: waya wa betri uliolegea, swichi ya funguo, koili inayochoka ikipata joto. Likififia, likigugumia na kurukaruka kabla ya kufa, naanza na mafuta na hewa: chujio lililoziba, pampu dhaifu, kutu ndani ya tenki, maji kwenye mafuta, au mpira wa hewa uliopasuka. Likizima unapotoa tu mguu kwenye mafuta, njiapanda au kwenye tuta, natazama njia ya hewa na kile tunachokiita sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagiwa mafuta. Swali halimalizi kazi, ila linaniambia mkono uanzie wapi.

Yalikuja mambo ambayo mzee hakuyakuta. Ilikuwepo miaka ambayo petroli nyingi ilichanganywa na mafuta ya taa, na plagi zilifika kwetu nyeusi kwa masizi. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchanganyaji usilipe. Yakaja pia magari yenye kompyuta. Vijana wangu wakanunua mashine ya kupimia, wakaamini kwamba kuhoji dereva kumepitwa na wakati.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa Namtumbo na gari dogo la petroli. Mashine ilisoma: hakuna kosa. Kijana wangu alitaka kubadilisha pampu. Nikamuuliza mwalimu lile swali. "Kama taa," akajibu, "na linawaka tena baada ya nusu saa." Nikapanda naye, tukaelekea Namtumbo mchana wa jua kali. Kama kilomita 40 hivi, likakata. Gari lilikuwa bado linatembea kwenye gia, magurudumu yanaizungusha injini, lakini sindano ya mizunguko ilikuwa imelala sifuri. Injini inazunguka na kompyuta haioni! Basi sensa ya krenki ilikuwa imekufa kwa joto. Niliimwagia maji baridi, gari likawaka palepale. Tukaweka mpya, na mwalimu hakurudi tena kwa shida hiyo.

Nasisitiza haya kwa sababu gari linalozima njiani si kero tu. Injini ikifa, usukani wa pawa unakuwa mzito ghafla, na kwenye gari nyingi za petroli breki inabakiza msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha inakuwa ngumu kama jiwe. Wazia hayo kwenye kona za kuteremka Mbamba Bay, gari limejaa watu. Likikuzimikia, usipampu breki. Ikanyage mara moja na uishikilie, shika usukani kwa nguvu, wala usichomoe funguo, maana usukani utajifunga.

Kwa vijana wa gereji: msibadilishe kifaa ambacho hamjakithibitisha kuwa kibovu. Fedha ya mteja si ya kubahatishia. Na kwenu madereva: mkija kwetu, msituletee jina la spea mliloambiwa kijiweni. Tuleteeni habari za gari: limezima baada ya kilomita ngapi, mlimani au tambarare, injini ya moto au ya baridi, mafuta yalitiwa wapi, na liliwaka tena baada ya muda gani. Hayo yakitangulia, nusu ya matengenezo imeshafanyika.