Breki za Barabara Yetu: Shajara ya Juni

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kilosa

Usukani unatetemeka kila nikikanyaga breki nikiwa kwenye 80. Jioni nimeipeleka Impreza WRX, gari langu la mbio, kwa fundi. Ameipiga jeki, akavua tairi za mbele na kupima diski. WRX yangu ina kalipa za pistoni nne mbele. Diski zake zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 294 na unene wa milimita 24, na zikifika 22 kazi yake imekwisha. Zangu zimesoma 22.3 kushoto na 22.1 kulia. Pedi nazo zimebaki milimita 3.

"Bosi, hapa hata kuchonga haiwezekani," fundi amesema.

Ni kweli. Mashine ya kuchonga ingezishusha chini ya kiwango, na diski nyembamba hushika moto upesi, mwisho hupasuka. Tumekubaliana: diski mpya na pedi mpya, kushoto na kulia kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Kabla ya kuagiza nataka niziangalie vizuri barabara ninazopita, kwa kuwa breki huchaguliwa kwa barabara.

Jumatano, 4 Juni. Mikumi

Nimekuja kikazi kwa gari la ofisi, tukapitia kata ya Ulaya. Vumbi la njia ile linaingia kila mahali, likikaa kati ya pedi na diski linasugua kama msasa.

Mchana tumevuka hifadhi hadi Doma na kurudi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Mabango yanasema 70, na lipo pia bango la faini kwa anayegonga mnyama. Wakati wa kurudi, kundi la tembo limetoka kwenye nyasi upande wa kulia, wakubwa wakiwa na watoto wao katikati. Dereva amekanyaga, gari limesimama, tukasubiri wapite.

Hapo nimeelewa jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunaponunua pedi. Kabla ya tembo wale, dereva alikuwa hajagusa breki kwa muda mrefu, kwa hiyo zilikuwa za baridi. Kwa mwendo wa 70 gari hula karibu mita 20 kila sekunde. Pedi inayotaka ipashwe moto kwanza ndipo ing'ate haifai hapa, kwa sababu mnyama haji mara ya pili. Sharti la kwanza nimeliandika na kulipigia mstari: pedi ing'ate ikiwa ya baridi, katika mkanyago wa kwanza.

Alhamisi, 5 Juni. Mikumi

Leo nimekwenda upande wa pili, milima ya Iyovi, njia ya kuelekea Ruaha Mbuyuni na Kitonga. Malori ya mizigo yanashuka taratibu, na harufu ya breki zilizoungua unaisikia hata ukiwa umefunga vioo. Adui huku ni joto.

Hesabu yake haina huruma. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka 70 ukafika 100, joto ambalo breki inapaswa kulibeba ili gari lisimame huwa maradufu. Gari la mbio hufika 100 kabla dereva hajatambua, kwa hiyo deni lake kwa breki ni kubwa kuliko la gari la kawaida.

Joto likizidi, gundi inayoshikilia pedi hutoa gesi na pedi huteleza juu ya diski. Likiendelea, mafuta ya breki huchemka, na mguu hushuka hadi chini bila kukuta kitu. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakishazeeka, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Sharti la pili: pedi ivumilie mteremko mrefu, na DOT 4 mpya iingie siku hiyohiyo. Na dereva ashuke kwa gia nzito, kwani hakuna pedi inayomsamehe anayeshuka Iyovi gia ikiwa huru.

Jumatatu, 9 Juni. Kilosa

Nimeongea kwa simu na muuza spea wa Kariakoo. Amenitumia picha nyingi, na mdogo wangu amekaa pembeni akizishangilia.

Diski zenye matundu: nimezikataa. Zinapendeza nyuma ya rimu, lakini matundu hujaa vumbi na changarawe, na nyufa za joto huanzia kwenye kingo zake. Nachukua diski za kawaida zenye uwazi wa kupitisha hewa katikati.

Seti ya breki za Brembo za Impreza STI, mtumba: nimeikataa. Diski zake za mbele ni milimita 326, zinataka kalipa zake na rimu za inchi 17, na breki za nyuma nazo zilingane na za mbele.

Pedi za mashindano: hapa mdogo wangu amenibana. "Kaka, si Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997?" Ndiyo, nami naiheshimu historia hiyo. Lakini gari la mashindano lina mafundi wanaolisubiri mbele na pedi nyingine mkononi, na dereva wake hakai nusu saa bila kugusa breki. Mimi nabeba familia kupita kwa tembo.

Pedi za bei ya chini zisizo na maandishi yoyote mgongoni: hizo nimezikataa bila mjadala. Pedi ya kuaminika huwa na herufi mbili za msuguano, ya kwanza kwa joto la kawaida, ya pili kwa joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Herufi hazielezi pedi itadumu kiasi gani, ila zinaonyesha kama itashuka ikipata moto. Nimechagua FF ya barabarani yenye alama ya R90, kanuni inayotaka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15.

Ijumaa, 13 Juni. Kilosa

Mzigo umefika, fundi amefunga. Vumbi la zamani tumelifuta kwa kitambaa chenye maji. Nimemwomba asilipulize kwa kompresa, maana pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Kutu ya kwenye habu ameisugua kwa brashi ya waya, kwa sababu chembe ndogo pale huyumbisha diski nzima. Diski mpya tumeziosha grisi ya kiwandani. Pistoni zimerudi bila kukwama na mipira yake ya vumbi ni mizima. Nati zimekazwa kwa mshazari.

Kisha nimezizoesha kwenye lami ya Rudewa: kutoka 60 kushuka hadi 20, nikiachia bila kusimama, nikirudia kwa nafasi, halafu mwendo wa taratibu mpaka zikapoa. Hivyo pedi hupaka utando sawa juu ya diski. Ukisimama nazo zikiwa za moto, huacha doa, na mtetemo wake ndio watu huuita "diski imepinda".

Usukani umetulia. Hukumu yangu kwa gari la mbio linaloishi Kilosa ni hii: diski ya kawaida ya saizi yake, pedi ya barabarani inayong'ata ikiwa ya baridi, DOT 4 mpya, na 70 ndani ya hifadhi. Mwenye fedha ya kuongeza nguvu ya injini, aimalize kwanza kwenye breki.