Mchawi Hasimami Mbele

Mdogo wangu yuko chuo Dodoma, mimi niko Arusha. Kwenye simu salamu zetu huisha haraka. Ila usiku, tukiingia Mobile Legends, tunapiga stori hadi bando likate.

Ni watano kwa watano, njia tatu, kila upande una ngome yake. Mimi huchukua Eudora, mchawi wa radi. Anayeanza namshauri huyo huyo: hana mengi ya kukariri, anamgandisha adui kisha anamshushia radi. Lakini mwili wake ni mwepesi na hana mbio za kujiokoa. Ukimtanguliza, kafa, na wenzako wanne wanabaki kulipa deni lako.

Kwa hiyo shika njia ya kati, na vita vikianza kaa nyuma ya mwenye mwili mgumu. Tazama ramani kila mara: adui watatu wakipotea, huenda wako majanini wanakusubiri wewe. Na usimmwagie uchawi wote wa kwanza kutokea. Radi ikishapiga, unabaki mikono mitupu ukihesabu sekunde.

Huku kwetu chini ya Mlima Meru, ukiitwa mchawi watu wanakukwepa. Kwenye mchezo, mchawi anahitaji mtu wa kumkinga, na wangu ni mdogo wangu. Juzi, katikati ya vita, akasema kama anayetaja hali ya hewa: "Kaka, ada sijamaliza, na mtihani wiki ijayo."

Kwenye simu ya kawaida asingesema. Tukarudi wote wawili chini ya mnara wetu, wale watatu wakilalamika, nikamuuliza imebaki shilingi ngapi.