Tajiri, Gunia na Msimbazi

Huko Mang'ola, kwenye chemchemi zinazonywesha mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, neno "tajiri" lina maana yake mahsusi. Huyo ndiye aletaye mbegu, mbolea na fedha za vibarua. Mwenyeji hutoa shamba na jasho, kisha mavuno hugawanywa. Wapo waliojenga nyumba kwa mpango huo, na wapo walioambulia maganda.

Baba yangu mkubwa ni mkulima wa huko, na ni mpenzi wa Simba tangu utotoni, timu ilipokuwa ingali ikiitwa Sunderland, kabla ya mwaka 1971. Baada ya ubingwa wa 2012 ilipita misimu mitano bila kombe la ligi. Ndugu msomaji, kama hujapata kuishi na mpenzi wa mpira, huwezi kuyajua majira kama hayo. Mama mkubwa aliyatambua matokeo kwa jinsi mlango ulivyofungwa. Ugali ulipoa, watoto wakanyamaza, na asubuhi mzee aliwahi mferejini kabla watani wa Yanga hawajaamka.

Basi tarehe 3 Desemba 2017 mkutano mkuu wa wanachama ukamtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya hisa, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Yeye alitaka asilimia 51. Serikali ikaamuru mwekezaji asizidi 49, nyingine zibaki kwa wanachama. Nilidhani mzee angeruka kwa furaha. Walakini aliuliza jambo moja tu: gunia litashonwa na nani? Maana Mang'ola wanaijua lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu ya mdomo wake, nalo likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Mkulima hulia, lakini vitunguu havingoji, vitaoza.

Hata hivyo mavuno yalikuja. Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021. Mwaka 2019 ilifungwa mabao matano Kinshasa na matano mengine Misri, kisha ikaifunga Al Ahly hapa Dar es Salaam kwa bao la Meddie Kagere, na ikaingia robo fainali ya Afrika. Usiku huo wa Al Ahly mzee alinipigia simu, akaongea mpaka salio likakatika. Lililonishangaza ni kwamba alizungumza habari za mwakani. Kwa miaka mingi alikuwa hazungumzi ila juu ya Jumapili iliyopita.

Kisha ligi ikarudi Jangwani, na Mei 2025 Simba ikapoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya Berkane ya Morocco. Mzee hakufunga mlango kwa kishindo. Mimi naona asilimia 51 ni karatasi tupu iwapo wanachama hawaulizi mahesabu; yeye hunijibu kwamba shamba lisilo na mbegu nalo ni vumbi tupu.

Ubishi huo mama mkubwa aliukata kwa namna yake. Ada ya king'amuzi, alisema, itatoka kwenye matuta ya mzee, isiguse ada za shule, kwa kuwa katika nyumba ile 51 ni zake yeye. Mzee hajakata rufaa.