Winga kagoma Kagunga, kipa wa akiba nikatumwa

Nianze kwa kujitambulisha, msomaji wangu, usije ukadhani unaongea na staa. Katika timu ya soka ya chuo chetu hapa Dar mimi ni kipa wa akiba. Maana yake ni kwamba nabeba maji, nashika saa za watu, na nikiona kipa namba moja anakohoa, tumbo linaniuma. Kwa hiyo Septemba 2024, mwalimu wa timu alipotafuta mtu wa kumfuata winga wetu wa kushoto kwao Kagunga, macho yote yalinigeukia mimi. Nani mwingine angekosekana mazoezini na timu isitikisike?

Winga alikuwa kaenda likizo, simu haipatikani, na ujumbe mmoja tu ulikuwa umefika: "Msinisubiri." Kambi ilikuwa ianze Oktoba, na mbele yetu kulikuwa na michezo ya vyuo vikuu, ile inayoandaliwa na TUSA. Sheria ya mwalimu inajulikana: asiyekuja kambini hachezi. Basi nikapewa nauli ya kwenda. Ya kurudi nikaambiwa "tutaona".

Nilipanda treni ya Reli ya Kati. Nisikuchoshe na habari za safari hiyo, maana ukifika Tabora umeshasahau sababu ya safari yenyewe, na Kigoma bado iko mbali. Ila nikwambie kwamba kushuka pale stesheni ya Kigoma kuna raha yake. Jengo ni la Wajerumani, reli ilifika mwaka 1914, na ukitoka nje unaliona ziwa limekaa pale chini, bluu, kama vile lilikuwa linakusubiri wewe tu.

Kigoma na mpira ni chanda na pete. Akina Manara, Kitwana, Sunday na Kassim, asili yao ni huku, na Sunday ndiye yule aliyekwenda kusakata kabumbu Uholanzi kwenye klabu ya Heracles miaka ile ya sabini, wakati wengi wetu hata baba zetu walikuwa bado wanacheza chandimu. Nikapita pia kuutazama Uwanja wa Lake Tanganyika. Hapo ndipo Simba iliifunga Yanga bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Julai 25, 2021, kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Kondakta wa daladala alinisimulia bao hilo mara mbili, na mara zote mbili alilia. Ni Yanga.

Asubuhi nikaenda Kibirizi, mahali zinapoondokea boti za kaskazini. Boti ni ya mbao, ndefu, ina mashine nyuma na kila kitu katikati: magunia, magodoro, kreti za soda, kuku, na mimi. Nilimwamkia mama mmoja aliyekalia ndoo, akanitazama viatu, akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda Kagunga na raba nyeupe?" Watu wakacheka. Nilizuga kama sijasikia.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Takwimu hizi nilizijua tangu shule, lakini shuleni hawakunieleza zinavyosikika tumboni. Tulipopita Mtanga nikawa nimenyamaza. Tulipopita ile misitu ya Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwasoma sokwe, watalii wangetoa kamera; mimi nilitoa kifungua kinywa. Yule mama alinipa ndimu ninuse. "Angalia mlima, usiangalie maji," akaniambia. Tukapita Mwamgongo, milima ikazidi kusogea ziwani, na mwisho tukafika Kagunga, mkiani mwa Tanzania. Ukisogea kidogo tu mbele uko Burundi.

Kagunga ni ukanda mwembamba wa ardhi. Nyuma mlima umesimama wima, mbele ziwa, na watu wamejibana katikati. Ardhi tambarare ni kidogo kuliko watu wanaoihitaji. Kwa hiyo uwanja wa mpira nilioonyeshwa ni ufukwe wenyewe: mchanga, magoli ya miti, upande mmoja mitumbwi imepandishwa juu, upande wa pili maji.

Winga alinipokea kwa furaha na aibu kwa pamoja. "Wamekutuma wewe?" akauliza. Nikamjibu wametuma mchezaji ambaye hapungui.

Jioni ile nikapata jibu la kitendawili kilichotusumbua chuoni. Winga wetu huwa haupotezi mpira nje. Anakimbia ukingoni kabisa, mguu mmoja juu ya chaki, beki anadhani keshamaliza, lakini mpira hautoki. Tulidhani ni kipaji. Kumbe ni sheria ya kwao. Pale Kagunga upande wa kushoto ndio ziwa, na anayeutoa mpira ziwani anaufuata mwenyewe kwa kuogelea. Mpira ni mmoja. Ukishaogelea mara nne kwa jioni moja, utajifunza kuuzuia.

Kocha wao ni mwalimu wa shule ya msingi. Filimbi anayo, kozi hana. Aliniambia ndoto yake ni kwenda siku moja kusomea pale Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Ratiba yake ya mazoezi haifuati kalenda ya ukutani, inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haufanyi kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala. Hapo ndipo vijana wote wanapatikana, na hapo ndipo mechi kubwa zinapochezwa. Mwezi ukifa, timu nayo inakufa, inakwenda ziwani.

Nilifika mwezi ukiwa mkubwa. Bahati yangu.

Usiku tulikula kwao: ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Mzee wake, baba wa watu, mtu wa maneno machache, alisubiri ninawe ndipo akaniuliza nimefuata nini. Nikaona hapa ndipo pa kutumia elimu. Nikamwambia, "Mzee, michezo ya chuo inaweza kumtoa mtu." Nikamsimulia habari za Suleiman Nyambui. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka huko huko ziwani, Ziwa Victoria lakini, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, mji uliopakana na Mexico kama Kagunga ilivyopakana na Burundi. Huko akabeba ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati hapo, mwaka 1980, akachukua medali ya fedha ya Olimpiki Moscow, mita 5,000, nyuma ya Mhabeshi Miruts Yifter. Akaja kushinda na Berlin Marathon, 1987 na 1988. Medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu hadi leo, Bayi moja, Nyambui moja.

Nilijisikia nimefunga bao. Mzee akatafuna, akameza, akauliza kwa upole, "Huyo, karo nani alimlipia?"

"Chuo, Mzee. Kwa sababu ya mbio zake."

"Na chakula?"

"Chuo hicho hicho."

"Haya. Ninyi chuo chenu kinamlipia nani kwa sababu ya mpira?"

Nikatazama sahani. Ukweli ni kwamba chuo chetu kina uwanja ambao majani yameisha golini, mipira miwili kwa watu thelathini, na kocha ambaye kazi yake hasa ni kufundisha darasani. Filimbi anaipuliza kwa mapenzi. Mkopo wa serikali una fungu la chakula na malazi, la vitabu, la ada. Fungu la njumu halimo. Mchezaji akivunjika, wenzake wanapitisha kofia.

Ndipo winga akanieleza yaliyomweka nyumbani. Mwaka huo, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lilifungwa lisivuliwe ili samaki wazaliane. Hakuna aliyebisha kwamba samaki wamepungua. Lakini miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu bila pesa, na mashine ya mtumbwi walikuwa wameinunua kwa mkopo. Mdogo wake yuko sekondari. Mzee mgongo umechoka. "Niambie," akasema, "niache mtumbwi nikakimbizane na beki wa chuo kingine, nipewe cheti cha ushiriki?"

Sikuwa na jibu, msomaji wangu. Nilitumwa na nauli ya kwenda tu.

Kesho yake alinitembeza ufukweni, akanionyesha mahali pa goli la kaskazini. "Hapa mwaka 2015 walilala watu," akasema. Alikuwa na miaka 12. Mei ile, vurugu za Burundi zilipoanza, makumi ya maelfu ya watu waliingia Kagunga kwa miguu na kwa mitumbwi, wakajaa kwenye mchanga huu mpaka ukakosa pa kuweka mguu. Kipindupindu kikaingia, watu zaidi ya 30 wakafa. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuja kuwachukua lakini haikuweza kusogea ufukweni. Ilisimama kwenye kina, watu wakapelekwa kwa mitumbwi midogo, karibu 600 kwa safari. Mtumbwi wa baba yake ulikuwa mmoja wapo. Walipofika Kigoma walipokelewa wapi? Pale pale Uwanja wa Lake Tanganyika, kabla ya kupakiwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Uwanja wa fainali ya Simba na Yanga ulikuwa kituo cha wakimbizi miaka sita kabla.

"Kocha alitukataza kucheza hapa kwa muda mrefu," winga akasema. "Hata walipoondoka. Alisema tusubiri mvua inyeshe vya kutosha."

Jioni kulikuwa na mechi, mwezi ukichomoza juu ya mlima. Mzee alikuja. Nikaambiwa haji mara nyingi. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mikono magotini, akamtazama mwanawe akipanda na kushuka upande wa maji. Dakika za mwisho beki alimsukuma, mpira ukaelekea ziwani; winga akauwahi kwa kisigino, akaupiga ndani, bao. Kijiji kikalipuka. Mzee hakupiga makofi. Alisema tu, kama anayeongea na ziwa, "Hakulowa."

Usiku akatoa hukumu yake. Mwanawe arudi chuo amalize digrii, awe na mpira au asiwe nao, kwa sababu ada imeshaliwa na haitapikwi. Lakini giza la mwezi huu kwanza aingie ziwani, deni la mashine lipungue. Maana yake kambi ataikosa.

Nikapanda kwenye mwinuko kutafuta mtandao, nikampigia mwalimu. Nikamweleza yote, ziwa kufungwa, deni, giza. Akanyamaza sana, nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Sheria ni sheria. Aje. Atakaa benchi." Baada ya kitambo akaongeza, "Na wewe nauli ya kurudi azima huko, nitakulipa kutoka mfukoni kwangu." Alinilipa kweli, kwa awamu tatu.

Nilirudi Kibirizi na boti, raba zangu zikiwa zimeshapoteza weupe, nikiwa na kiroba cha dagaa na ndimu mbili mfukoni. Safari hii niliangalia mlima.

Winga alikuja mwishoni mwa Oktoba, mikono imechubuka kwa kamba za nyavu. Mechi ya kwanza ya mashindano alikaa benchi, jirani yangu kabisa. Kipindi cha kwanza mpira ukatoka nje upande wetu, ukabiringika kuelekea mtaroni. Kabla mwokota mipira hajajigusa, winga alikuwa ameshasimama, keshavua kiatu kimoja.

Nikamshika jezi. "Kaa, mshikaji. Huku hauzami."