Bidada anunua picha kwa laki 8, aikuta mgahawani kubwa kuliko yake!

Kuna bidada mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, Insta wanamjua kwa sebule yake kali. Miaka mitatu iliyopita alitoa laki 8 kununua picha ya mpigapicha mmoja kijana anayefanya vizuri sana kwa sasa. Laki 8 wadau, na fremu juu yake mwenyewe! Mama yake alipoiona akauliza, "Hiyo mwanangu si ungepiga tu na simu?"

Mama hakukosea sana. Faili la picha unaweza kuliprinti hata mara elfu, na ndiyo maana wapigapicha wanaouza kazi zao kama sanaa hujiwekea kikomo. Ya bidada iliprintiwa nakala 10 tu, kila moja ina sahihi na namba. Yake ni 4/10, na ina cheti. Kwa kawaida zile za mwanzo hutoka kwa bei ya chini, halafu zikikaribia kuisha msanii anapandisha. Kwa hiyo aliyewahi, kawahi.

Na usidhani ni mchezo wa kitoto. Novemba 2011, pale Christie's New York, picha ya Mjerumani Andreas Gursky iitwayo Rhein II iliuzwa dola milioni 4.3. Ni mto, nyasi na mawingu tu, basi! Iko kwenye toleo la nakala 6.

Sasa mwaka huu bidada kodi ikamkaba. Akapata mteja wa ile picha, wakakubaliana milioni 1 na laki 2. Wiki hiyo hiyo akaenda kula na mashosti mgahawa mmoja mpya, kuinua macho, picha ile ile iko ukutani, kubwa kama mlango. "Shoga, si ya kwako ile?" Chakula kikamshinda.

Akamtumia mpigapicha meseji ndefu ya hasira. Jibu likaja fupi: "Dada, ile ni saizi nyingine, ina toleo lake la nakala 5. Lako bado ni 10 vilevile." Mteja naye alishaiona mgahawani, akashusha hadi laki 9.

Kisa kama hiki kilishafika mahakamani Marekani. William Eggleston, mkongwe wa picha za rangi kutoka Memphis, aliwahi kuuza matoleo machache ya picha zake za miaka ya nyuma. Machi 2012 zikapigwa mnada printi zake 36 mpya, kubwa, za kidijitali, zikaingiza karibu dola milioni 5.9. Kati yake zilikuwemo picha ambazo watu walikuwa nazo tayari za toleo la zamani. Mkusanyaji mmoja tajiri akashtaki kwamba thamani ya zake inashushwa. Mwaka 2013 jaji akaitupa kesi: printi mpya ni saizi nyingine na zimetengenezwa kwa njia nyingine, hivyo ni toleo jipya.

Kisheria imeeleweka, ila moyoni inauma jamani. Anayenunua nakala 1 kati ya 10 anajiona mmoja wa watu 10 duniani, hawazi kama kuna saizi nyingine inakuja. Bidada alipotoa cheti chake kabatini, kiliandika: nakala 10, sentimita 40 kwa 60. Kuhusu saizi nyingine, kimya. Hata zile nakala za ziada ambazo msanii hubaki nazo, huandikwa A.P., hazikutajwa ni ngapi. Hayo ndiyo ya kuuliza kabla hujatoa hela, na jibu liandikwe kwenye cheti, siyo kwenye meseji. (Na ukishanunua, usiitundike jua linapopiga, rangi ikipauka hakuna cheti kitakachokuokoa.)

Bidada alimbana mpigapicha hadi akamwandikia karatasi yenye sahihi: picha ile ina saizi mbili tu, haitaprintiwa nyingine. Mteja alipoonyeshwa karatasi akapanda kidogo, milioni moja kasoro. Bidada akagoma. Kodi kalipa kwa hela ya mchezo, zamu yake ilifika, na picha bado iko sebuleni.

Mashosti wake wamegawanyika, wengine wanasema kajiponza. Je, ungekuwa wewe, ile milioni kasoro ungeiacha ipite?