Jino la Mtoto Lamuumbua Muuza Ubuyu

Kuna mdada mmoja pale Handeni, jina kapuni. Kila saa nne yupo kwenye geti la shule ya msingi na ndoo yake: ubuyu wa rangi, kashata, lambalamba. Mwanae wa miaka 7 ndo muonjaji mkuu. Jino la nyuma likaanza kutoboka, mama akasema liacheni, hilo la utoto tu, litang'oka lenyewe.

Weee! Usiku mmoja dogo alilia mpaka majirani wakagonga mlango. Asubuhi safari ya Korogwe, kwa daktari wa meno. "Mama, hili ni gego la ukubwani. Huota kwenye miaka 6, likitoka halioti lingine."

Na ule mdudu wa jino tunaohadithiwa na mabibi? Hamna mdudu, kuna bakteria, Streptococcus mutans, aliyeelezwa na Mwingereza Clarke mwaka 1924. Anakula sukari, anatoa asidi, asidi inatoboa jino. Na mara nyingi mtoto humpata kwa mate ya mama yake mwenyewe, kwa kuchangia kijiko tu.

Likang'olewa. Kesho yake ndoo ilikuwa getini kama kawa, kodi ya chumba inadaiwa. Siku hizi dogo akinyoosha mkono anapewa karanga. Watoto wa wenzie wanaendelea na ubuyu.